Samaki Walioandikishwa

Kila ninapochambua maharage, mwanangu, hunirudia Ijumaa moja nilipokuwa msichana wa miaka ishirini na minne, nimeketi barazani kwa Maalim wangu pale Ujiji, nikijiona kwamba hakuna binti mwenye akili kama mimi kuanzia Kigoma mjini hadi Kagunga mpakani. Siku hiyo nilikosolewa na bakuli la maharage. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, wala sitakuharakisha, kwa sababu jambo lenyewe lina hesabu ndani yake, na hesabu ukiikimbiza inakuponyoka.

Nilikuwa na kazi ambayo watu wengi hawakuielewa. Nilisoma hesabu mpaka nikamaliza chuo, na ofisi ya uvuvi ikanichukua niwe mtu wa takwimu. Nilipomwambia mama yangu kwamba kazi yangu ni kuhesabu samaki, aliuliza, "Waliokwisha kuvuliwa?" Nikamwambia hapana, walio majini bado. Akaguna, "Haya. Mungu akuoneshe."

Ilikuwa miaka ile ndugu zetu wa Burundi walipokuwa wakivuka kuja kwetu, wengine kwa mitumbwi, wengine kwa miguu juu ya milima. Kaskazini mwa kijiji cha Mwamgongo palikuwa na ghuba moja yenye maji tulivu, na kando yake wakimbizi mia kadhaa waliwekwa chini ya maturubai wakisubiri kupelekwa kwenye kambi kubwa. Walipewa unga na maharage. Kitoweo walijitafutia wenyewe kwa ndoano, wakiwa juu ya mawe au ndani ya mitumbwi ile ile iliyowaleta.

Katika ghuba ile kulikuwa na kuhe wengi. Kama hujawahi kumwona kuhe, ni samaki mkubwa wa ziwa letu, mwenye nyama nzuri, na tabia yake hunishangaza mpaka leo. Wakati wa kuzaa, dume na jike huja kwenye maji mafupi, hutaga juu ya mchanga au jiwe, kisha hulinda mayai na baadaye watoto, wakizunguka usiku na mchana. Wavuvi wa Mwamgongo waliniambia kwamba muda wote huo wazazi hawali kitu, mpaka wanabaki kichwa na mifupa. Nilipowaona kwa macho yangu kupitia maji maangavu ya asubuhi, nilisema "Subhanallah" kwa sauti, na mwenye mtumbwi akacheka.

Sasa palizuka ombi. Watu fulani wa mjini walitaka ruhusa ya kuvuta makokoro katika ghuba. Kokoro ni ule wavu mrefu unaozungushwa majini kisha watu wakauvuta kutoka ufukweni, ukaja na kila ulichokikuta chini. Walisema watu wameongezeka na chakula kinatakiwa. Mkuu wetu wa kazi, Bwana Ezekieli, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa kwetu, mlokole mpole asiyependa kelele, akaniita. "Zuhura," akasema, "kama kuhe ni wengi, tutaruhusu. Kama ni wachache, tutakataa. Niletee idadi."

Mwanangu, utamhesabuje samaki usiyemwona? Hapo ndipo hesabu ilipokuwa tamu kwangu. Unakamata samaki kadhaa, unawatia alama, unawaachia. Unangoja wachanganyike na wenzao. Halafu unatazama wale wanaovuliwa baadaye: kati yao, wangapi wana alama? Ukikuta mmoja katika kila kumi, basi wale wa kwanza uliowatia alama ni sehemu ya kumi ya wote. Ni hivyo tu. Unaligusa ziwa zima kwa vidole viwili. Nilipofundishwa jambo hili chuoni nilikosa usingizi kwa furaha.

Tulikamata kuhe mia tatu kwa majuma kadhaa na kuwafunga kila mmoja utepe mdogo wa plastiki wa rangi ya machungwa karibu na pezi la mgongoni. Tukawaachia. Kisha nikapita ufukweni na kipaza sauti, nimevaa kofia ya ofisi, nikitangaza, "Yeyote atakayempata samaki mwenye utepe aulete ofisini, aandikwe jina lake, atapewa mche wa sabuni!" Nilitangaza Mwamgongo, nikatangaza na kambini. Kwa mwezi mzima kila asubuhi nilizunguka nikihesabu kuhe waliovuliwa pande zote mbili.

Mwezi ulipokwisha, nilikuwa nimehesabu kuhe elfu moja. Tepe zilizoletwa zilikuwa kumi. Yaani mmoja katika kila mia. Mia tatu mara mia moja: ghuba ile ina kuhe elfu thelathini. Niliandika taarifa kwa mwandiko mzuri, nikaipigia mstari idadi, nikamkabidhi Bwana Ezekieli. Alifurahi. Mkutano wa kata wa kuamua ulipangwa Alhamisi ya juma lililofuata, na mimi nikapewa ruhusa kwenda nyumbani Ujiji kusali Ijumaa.

Baada ya sala nilikwenda kumwamkia Maalim Hamisi. Yeye ndiye aliyenifundisha Kurani nikiwa mdogo, na yeye ndiye aliyenitia hesabu damuni kabla ya shule yoyote, kwa sababu alikuwa akifundisha mirathi. Vijana wakubwa walikuwa wakikariri nusu na robo na thumni na sudusi, na mimi mtoto wa kike nikikaa nyuma na kujibu kabla yao, mpaka siku moja akasema, "Sogea mbele, ukae na wanaojua." Sijamsahau kwa neno lile. Mungu amrehemu.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, Zuhura. Nasikia serikali imekupa ziwa ulihesabu."

"Nimelihesabu, Maalim. Ghuba moja. Kuhe elfu thelathini."

"Uliwaona?"

"Sikuwaona. Nimewahesabu."

Alicheka mpaka kofia yake ikapinda. Lakini alikuwa mzee mdadisi, hakuacha jambo lipite bila kulishika. "Nionyeshe," akasema.

Mkewe, Bi Mwajuma, alikuwa ameacha bakuli kubwa la maharage pale barazani, ayachambue baadaye kwa ajili ya chakula cha jioni. Nikalivuta. Nilichukua maharage arobaini, nikayatia doa kwa mkaa, nikayarudisha na kuyachanganya vizuri. Kisha nikachota kwa kikombe cha kahawa. Tulihesabu sitini, na kati yake yenye doa yalikuwa manne. "Moja katika kila kumi na tano," nikamwambia. "Arobaini mara kumi na tano ni mia sita. Bakuli lina maharage mia sita."

"Tuone," akasema Maalim. Akayamwaga yote juu ya jamvi, akayahesabu mwenyewe kwa kidole, polepole, kama anayesoma tasbihi. Yalikuwa mia tano na sabini na moja. Aliinua macho. Ungemwona uso wake! "Lahaula! Kutoka kwenye kikombe kimoja cha kahawa?" Akanishika mkono kama vile nimetoka safari. "Mungu ameweka mlango mdogo hivi, na sisi tunapita nje tu miaka yote!"

Tulipoyarudisha bakulini, adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Yeye alikwenda msikitini, mimi nikaingia chumba cha ndani kusali. Aliporudi hakuwa amesahau. "Rudia tena. Nataka kuona kama itakubali mara ya pili." Nikachukua kikombe kile kile, nikachota sitini. Yenye doa lilikuwa moja tu.

Nikapiga hesabu. Nikairudia.

"Ngapi?"

"Elfu mbili na mia nne, Maalim."

Alilitazama bakuli, akanitazama mimi. "Basi nyumba hii imebarikiwa. Nimekwenda rakaa nne tu, maharage yamezaliana."

Bi Mwajuma akatokeza mlangoni na ungo wake. "Yamezaliana nini? Nimeyachambua hayo. Nimetoa mabovu yote, yalikuwa na madoa meusi. Nikasema leo yule wa dukani kanionea haswa!"

"Umetoa yenye madoa?"

"Mlitaka niwapikie mabovu?"

Maalim alicheka, Bi Mwajuma akacheka asijue anachekea nini, na mimi nikacheka pia, lakini kicheko changu kilikuwa kimeanza kukauka. Maalim aliliona hilo. Alinyoosha kofia yake, akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Hesabu yako ya pili, ulikosea kuzidisha?"

"Hapana."

"Ulikosea kuchota?"

"Hapana, Maalim."

"Bakuli langu lina Mwajuma ndani yake. Ziwa lako je, halina Mwajuma?"

Nikajitetea. Nikasema ziwani hakuna anayechambua, kwamba tulitangaza kwa kipaza sauti, kwamba kila mtu alisikia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Nilipokufundisha kugawa mirathi, kitu cha kwanza kilikuwa nini?"

"Nusu, robo, thumni..."

"Hayo ni ya pili."

Nikakumbuka. Uso wangu ukapata moto. Kila alipoitwa kugawa mali ya marehemu, kabla hajagusa kalamu, Maalim Hamisi alikuwa akitazama barazani, mtu mmoja mmoja, na kuuliza: nani hayupo?

"Waliopo siku zote watakuambia watu wote wamefika," akasema. "Aliyeko Kalemie, ng'ambo ya ziwa, kwenye biashara zake hasemi. Aliye bado tumboni mwa mama yake hasemi. Ukigawa bila wao, Zuhura, kuzidisha kwako kunaweza kuwa sahihi kabisa na bado ukawa umedhulumu. Nenda ukatazame nani hayupo kwenye daftari lako."

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Bi Mwajuma aliniletea chai, lakini sikumbuki kama niliinywa.

Nyumbani nilifungua daftari. Nilikuwa nimeandika asubuhi zote kwa safu moja, Mwamgongo na kambini pamoja, kwa sababu kwangu kuhe alikuwa kuhe. Sasa nikachora mstari katikati na kuwatenganisha. Watu wa Mwamgongo walikuwa wamevua kuhe mia mbili na hamsini, wakaleta tepe kumi. Watu wa kambini, wengi na wenye njaa, walikuwa wamevua mia saba na hamsini. Tepe walizoleta: hakuna. Hata moja.

Niliitazama sifuri ile kwa muda mrefu. Je, samaki mwenye utepe alijua kuikwepa ndoano ya Mrundi? Nikapiga hesabu ya Mwamgongo peke yake. Kumi katika mia mbili na hamsini ni mmoja katika kila ishirini na tano. Mia tatu mara ishirini na tano ni elfu saba na mia tano. Hiyo ni robo tu ya ile niliyoipigia mstari! Nilikuwa nimewaingiza samaki wa wakimbizi katika hesabu yangu, lakini wao wenyewe sikuwaingiza. Na kwa idadi ile ya elfu thelathini, Alhamisi makokoro yangeingia kwenye maji mafupi, juu ya mayai na wazazi wasiokula, na ghuba ingekwisha kabla ya mwaka kuisha, na watoto wale wa kambini wangebaki na unga na maharage.

Jumamosi nilipanda boti ya kwanza kurudi Mwamgongo. Kofia ya ofisi niliiacha nyumbani, na kipaza sauti pia. Nilijitanda kanga yangu, nikatembea kwa miguu ufukweni hadi kambini, na kumkuta mama mmoja niliyemjua kwa sura, aliyekuwa akiparua samaki kila asubuhi nilipopita. Aliitwa Mama Goreti. Nilimsalimu, "Amahoro," akaitikia, "Amahoro." Nikaomba kisu, nikakaa kumsaidia. Kiha nilichokipata kwa bibi yangu kilinisaidia, kwani Kiha na Kirundi husikilizana. Watu wakajaa polepole.

Baada ya muda Mama Goreti akasema, "Dada wa ofisi, sema unachotaka. Huyo samaki amekwisha magamba, sasa unamparua ngozi."

Watu wakacheka. Nikaweka kisu chini. "Kuhe wenye utepe. Mnawapata?"

Kicheko kikakatika. Mzee mmoja aliyekuwa akishona turubai akajibu upesi mno, "Oya," yaani hapana. "Hatujawahi."

Mama Goreti alifuta mkono wake wa kushoto kwenye kitenge, akaunyoosha mbele yangu. Kwenye kifundo alikuwa amevaa ukanda wa plastiki wa rangi ya machungwa, waliofungwa wote siku ya kupokelewa, ili wajulikane kwamba wameandikishwa na wapewe unga. Nilikuwa nimeiona mikanda ile kila asubuhi kwa mwezi mzima, mwanangu. Niliiona, sikuitazama.

"Huu walitufunga wakasema, usiukate, ukiukata huna chakula," akasema. "Siku nilipovuta kuhe wa kwanza mwenye utepe, nilimwambia mwanangu Goreti, huyu naye ameandikishwa. Ni samaki wa serikali. Na wewe ukapita na lile lipembe lako, unasema atakayempata aende akaandikwe jina." Alitikisa kichwa. "Sisi tunajua kuandikwa majina, dada. Kule kwetu, walioandikwa kwanza ndio waliochukuliwa kwanza."

"Kwa nini hamkuwarudisha majini?"

"Watoto walikuwa na siku nne bila kitoweo."

"Na tepe mlizokata kabla sijafika asubuhi, mlizitupa?"

Alimtazama yule mzee. Mzee akaendelea kushona, kisha bila kuinua kichwa akasema kwa Kirundi, mwoneshe. Mama Goreti akaingia chini ya turubai, akatoka na mkebe wa mafuta ya kula uliofunikwa kwa kitambaa. "Kuzitupa tuliogopa," akasema. "Tulisema labda siku moja wataziuliza, na asiyekuwa nazo ataitwa mwizi."

Ndani mlikuwa na tepe kumi na tisa. Watu wakaanza kwenda na kurudi, mmoja na utepe aliouficha kwenye upindo wa nguo, mwingine chini ya jiwe la jiko. Zikafika ishirini na saba. Nilifungua daftari, na papo hapo mikono yao ikarudi nyuma.

"Utatuandika?" akauliza Mama Goreti.

Nikalifunga daftari. Nikaliweka chini mchangani na kulikalia. Hilo ndilo jambo la busara pekee nililofanya mwezi ule, na hata hilo sikulifikiria. "Nahesabu tepe tu," nikasema. "Majina yenu kaeni nayo."

Aliniruhusu kuchukua mkebe. Lakini kabla sijaondoka alinishika kanga. "Ukimaliza hesabu yako, na samaki wakionekana wachache, si watasema sisi ndio tuliowamaliza? Watatukataza ziwa?"

Nikamwambia ukweli, kwamba sijui. Kumi za kijiji na ishirini na saba za kambini zilikuwa thelathini na saba. Katika samaki elfu, hiyo ni karibu mmoja katika kila ishirini na saba. Mara mia tatu: kama elfu nane na mia moja. Jibu hilo lilikaa karibu na lile la Mwamgongo peke yake kama ndugu wawili, na nikiwa njiani nilishangaa, pamoja na hofu yangu yote, jinsi kweli inavyofanana ukiijia kutoka pande mbili.

Jumatatu nilimkabili Bwana Ezekieli. Alisikiliza huku akifuta miwani. "Zuhura, wilaya nzima imeshaambiwa elfu thelathini."

"Najua, bwana mkubwa."

"Ulikosea wapi? Kwenye kuzidisha?"

"Kuzidisha kulikuwa sawa. Waliokosekana ni watu." Nikaweka mkebe mezani.

Alizimwaga tepe, akazigusa moja moja. Nilingoja anifukuze. Badala yake akasema, "Utasimama mwenyewe Alhamisi uwaambie. Mimi nitakaa karibu nawe." Sijui kama unaelewa, mwanangu, neno kama hilo lina uzito gani kwa kijana aliyekosea.

Alhamisi nikasimama. Nilipotaja elfu nane, mwenye makokoro mmoja akainuka kabla sijamaliza. "Juma lililopita elfu thelathini, leo elfu nane! Hao wengine wamehamia Kongo bila pasipoti?" Ukumbi ukaangua kicheko. Nilisubiri kiishe. Nikasema, "Hawakuhama. Hawakuwahi kuwepo. Niliwazaa mimi kwa kiburi changu." Nikaeleza habari za mkanda na utepe, na za kipaza sauti, bila kumtaja mtu.

Ndipo lile swali la Mama Goreti likatoka kinywani mwa mwingine: "Basi wakimbizi ndio wanaomaliza. Wafukuzwe ziwani."

Kabla sijafungua mdomo, mwenyekiti wa kijiji, mzee mwenye sauti ya mikwaruzo, akainuka kwa fimbo yake. "Mimi nimevua ghuba ile tangu sijaota ndevu. Mtu wa ndoano anachukua kuhe mmoja, na siku nyingine anarudi na jua kichwani tu. Kokoro likipita mara moja, huoni mayai, huoni mama, huoni baba. Dada ametuambia samaki ni wachache. Sasa mnataka kumpa nani ghuba, anayeokota au anayefagia?"

Makokoro yakakataliwa. Lakini waliamua pia kwamba maji mafupi yafungwe kwa kila mtu katika miezi ya kuzaa, wenyeji na wakimbizi. Ndoano zitupwe kwenye mawe ya nje, mbali zaidi. Nilikwenda kambini kupeleka habari hiyo nikiwa na miguu mizito, kwani niliona nimemletea Mama Goreti nusu ya kile alichokiogopa.

Aliuliza jambo moja tu. "Na watu wa Mwamgongo wamekatazwa?"

"Wamekatazwa vile vile."

Akatabasamu, kwa mara ya kwanza mbele yangu. "Basi ni vizuri. Tangu tufike, hii ndiyo mara ya kwanza kukatazwa pamoja na watu."

Miezi michache baadaye wakaja kuchukuliwa kupelekwa kambi kubwa. Walikuwa wamepewa kadi, na mikanda haikuhitajika tena. Nilishuka ufukweni kuwaaga. Mama Goreti aliukata wake kwa kile kisu cha kuparulia samaki, akauweka kiganjani mwangu. "Utie kwenye mkebe na zile nyingine," akasema. "Useme na huyu alipatikana." Kisha akampandisha Goreti botini, akapanda naye, na sikumwona tena. Nasema "nimekutia kwenye hesabu" katika kila dua yangu ya alfajiri, na Mungu anajua namtaja nani.

Mkebe ninao hadi leo. Wajukuu huuliza kwa nini siutupi.

Sasa nikuambie nilichokusudia, mwanangu, wewe unayesoma viumbe kwa hesabu, au utakayesoma. Usiiache hesabu kwa sababu ya kisa hiki. Ipende. Ni miongoni mwa milango midogo ambayo Muumba amewaachia viumbe wake wachungulie kazi yake, na hakuna raha kama ile ya kikombe kimoja cha kahawa kukupa bakuli zima. Ila jua kwamba kila namba kuhusu samaki imepita kwenye mkono wa mtu kabla haijakufikia. Ukikuta sifuri, usifurahi wala usiivuke. Isogelee uiulize, kwa kuwa mara nyingi sifuri si kukosekana kwa kitu. Ni mtu anayekuogopa. Vua kofia. Weka kipaza sauti chini. Kaa uparue samaki pamoja nao hadi waamue kusema. Na kabla hujapiga mstari chini ya jibu lako, tazama barazani, mmoja mmoja, na uulize kwa sauti: nani hayupo? Ukigundua ulikosea, rudi mwenyewe useme, kabla makokoro hayajaingia majini.

Mwenye kuwajua wote kwa idadi ni Mmoja, nasi tunakisia tu kwa ruhusa yake. Akujalie, mwanangu, macho ya kutazama unachokiona, mkubwa wa kazi atakayekaa karibu nawe siku ya aibu yako, na mwalimu mwenye bakuli la maharage. Na siku ya kuhesabiwa sisi sote, asikosekane hata mmoja wetu katika waliopatikana. Amina.